Sababu Saba za Kuukataa Mtaa wa Kituoni

Mimi mitaa naisahihisha kama madaftari. Kila mtaa niliokwenda kuutazama niliuandikia ukurasa wake, nikaugawia alama: maji ishirini, usalama ishirini, kodi thelathini, usafiri thelathini. Jumla mia. Mtaa wa kwanza, ule wa mlimani, ulipata arobaini na moja. Hewa safi, nyumba za kupendeza, lakini kufika kwenye shule yangu mpya ningepanda mabasi matatu, moja baada ya jingine, kama mtu anayefuatwa na polisi. Mtaa wa pili, wa kiwanda cha sabuni, ulikuwa wa basi moja tu, ila mwenye nyumba alinionyesha bafu haraka haraka, na mimi mtu akifunua ukurasa haraka najua kuna kitu anakificha. Nikafungua bomba. Bomba likakohoa, likatema mende, likanyamaza. Thelathini na tatu.

Nilikuwa na siku tatu tu. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu ya wiki inayofuata, barua yangu ya uhamisho ilikuwa mkobani, na nyumbani nilikuwa nimemwacha binti yangu wa miaka kumi na moja pamoja na mdogo wake wa miaka minne, wako kwa bibi yao. Baba yao alikuwa ametutangulia mjini miezi kumi na minne iliyopita, anaishi chumba kimoja na wanaume wengine watatu. Nisipopata nyumba ndani ya siku hizo, ningeripoti kazini nikiwa nalala kwenye sofa ya mama mdogo, watoto wangebaki kule, na familia iliyokuwa mapande mawili ingekuwa mapande matatu. Nilikuwa nimeapa kwamba hilo halitatokea. Na mimi nikiapa, hata mwalimu mkuu hupita pembeni.

Mume wangu ni mchora ramani za majengo. Ni mrefu, mwembamba, anainamisha kichwa upande akikusikiliza. Kaka zangu wanamwita Bwana Kimya, naye jina hilo hajalikataa wala kulikubali. Mimi ananiita Mwalimu, kama wanavyoniita mama yake, majirani na muuza mkaa. Ukimuuliza jambo atakupa maneno matatu, na la tatu litakuwa "basi". Ndiyo maana niliduwaa jioni ya siku ya kwanza, nilipomwambia kwamba kesho nakwenda kutazama mtaa wa kituoni, naye akanitolea sababu saba za kutokwenda.

Tulikuwa sebuleni kwa mama mdogo. Alikuwa ametoka kazini, amevaa shati jeupe lililonyooka utadhani limepigwa pasi mlangoni.

"Pale hapana," alisema. "Pana kelele."

"Mji mzima una kelele."

"Na vumbi. Halafu maji yana chumvi."

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Baada ya maji wakaja wezi, baada ya wezi mbu, baada ya mbu majirani wambea, na mwisho nyumba zinazovuja. Saba.

"Umeyajuaje yote hayo?"

"Nasikia."

"Kwa nani?"

"Ofisini." Akainuka, akachukua mfuko wake. "Chukua ile ya mlimani, Mwalimu. Mabasi matatu utazoea tu."

Nimefundisha miaka kumi na tisa. Mtoto aliyeumwa kweli huja na sababu moja. Ambaye hakufanya kazi yake huja na saba. Kesho yake niliamka na jambo moja kichwani, limekaa kama mwiba: mwanamume asiyetaka mkewe ahamie mtaa fulani, basi ndani ya mtaa huo kuna mtu. Nilijipaka mafuta, nikafunga kilemba vizuri, nikachukua daftari langu. Kama kuna mwenzangu huko, na anione nimependeza.

Mtaa wa kituoni haukuwa na vumbi. Njia zake zilikuwa zimewekwa matofali ya saruji hadi milangoni. Mwenye nyumba, mama mmoja mfupi anayeuza vifungo na nyuzi barazani kwake, alinionyesha vyumba viwili, jiko na ua mdogo wa kuanikia nguo. Nikamwomba maji ya kunywa. Yalikuwa matamu. Nikapanda juu ya stuli nikakagua dari, sikuona hata doa moja la maji. Nikamuuliza jirani habari za wezi, akaniuliza kwani nimeibiwa. Kelele ilikuwa mngurumo tu wa mabasi kwa mbali, maana kituo kikuu kilikuwa hatua mia nne kutoka mlangoni, na njia sita za mabasi zilikutana hapo. Mojawapo ilipita mbele ya geti la shule yangu, dakika kumi na nane. Kodi ilikuwa chini ya theluthi ya mishahara yetu miwili.

Tisini na mbili. Alama hizo sijawahi kumpa hata binti yangu.

"Kuna bwana mwingine anakuja na pesa zake saa kumi," alisema mwenye nyumba. "Mimi sipendi kugombanisha watu. Atakayetangulia ndiye."

Ilikuwa saa nane. Ningeweza kulipa palepale, fedha ilikuwa mkobani. Lakini mwiba ulikuwa bado umenikaa.

"Mama, samahani. Umewahi kumwona mtaani hapa mwanamume mrefu, mwembamba, akisikiliza anainamisha kichwa hivi?"

Akafikiri huku akipanga vifungo kwenye kopo. "Kuna mmoja wa namna hiyo anapita hapa. Asubuhi anaelekea kule, jioni anarudi. Mpole sana, anasalimia."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili."

Jumapili ndiyo siku ambayo mume wangu hutupigia simu nyumbani. Nikamwambia yule mama anisubiri, narudi kabla ya saa kumi, nikashika njia ya kituoni. Nia yangu ilikuwa kupanda basi la mjini, kwenda kusimama mbele ya hiyo ofisi anayochorea, na kumwuliza mbele ya tajiri wake huyo mtu wa mtaa wa kituoni ni nani.

Nilikaa kwenye benchi la saruji, pembeni ya mama mmoja mzee mwenye kikapu. Watu walikuwa wengi lakini wametulia kwenye foleni zao. Juu ya nguzo kulikuwa na vipaza sauti, na katikati ya uwanja kibanda cha vioo kilichoinuliwa juu ya miguu ya chuma. Sauti ilikuwa inatangaza.

"Abiria wa njia ya nne, basi lenu limefika upande wa kulia. Tafadhali tuwatangulize wazee na wenye watoto wadogo. Mama mwenye mzigo wa buluu, usikimbie, dereva amekuona, anakusubiri."

Yule mwenye mzigo wa buluu akapunguza mwendo, akacheka peke yake. Nami nikatabasamu. Nilifikiri, mji huu una watu waungwana. Kisha nikashangaa kwa nini sauti hiyo imenituliza hasira mara moja hivyo. Kisha nikaijua.

Nimelala pembeni ya sauti ile miaka kumi na mbili. Ila sikuwahi kuisikia ikisema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo, wala kumwambia mtu asikimbie, anasubiriwa. Nilitaka iwe ni sauti inayofanana. Nikatoa simu nikampigia, nikiomba iite mahali pengine, hata kwa huyo mwanamke, mradi isiite hapa.

Vipaza sauti vyote vya kituo vikaanza kulia kengele ya baiskeli. Ndio mlio wa simu yake, binti yetu ndiye aliyemwekea. Alikuwa ametangaza akaweka maikrofoni chini bila kuizima, na sasa simu yangu ilikuwa inaita juu ya vichwa vya watu mia tatu.

"Naam, Mwalimu," kituo kizima kikasema.

"Uko wapi?"

"Ofisini." Akasita. "Mbona nasikia mwangwi?"

"Mtandao," nikasema. Uongo ulinitoka laini, sikuhitaji hata kuutafuta.

Mama mwenye kikapu aliinua kichwa akatazama kipaza sauti. Kwenye foleni ya njia ya pili mtu akacheka kwa pua.

"Unafanya nini?"

"Nachora. Kuna ghorofa hapa, inatakiwa kesho."

Sasa walicheka wengi. Dereva wa njia ya nne alizima injini ili asikie vizuri. Ningeweza kusema neno moja tu, zima, na yote yangeishia hapo. Nilijua hivyo wakati uleule, si baadaye. Lakini nilikuwa nimemshika mtu na uongo mkononi, na mimi mtu nikimshika simwachi hadi aumalize wote.

"Ghorofa ngapi?"

"Tano."

"Ngazi umeziweka wapi?"

"Ngazi ziko... ziko kulia. Upande wa kulia, Mwalimu."

Kijana mmoja alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko. Mama mwenye kikapu hakucheka. Aliniinamia, kama mtu anavyomwinamia jirani wa benchi, akasema kwa huruma, "Maskini. Huyo mkewe anaonekana ni mkali kweli. Msikie anavyojibu, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa."

Simu ilikuwa bado sikioni kwangu. Yule mama hakuiona, au aliiona hakuiunganisha.

Mfagiaji wa kituo ndiye aliyemwokoa. Alikwenda chini ya kibanda, akagonga kioo kwa mpini wa ufagio, akaelekeza kidole kwenye mdomo wake, kisha kwenye nguzo. Mume wangu aliinamisha kichwa upande. Akatazama maikrofoni. Akatazama nje, polepole, foleni moja baada ya nyingine, zile nyuso zote zinazocheka, hadi akafika kwenye benchi langu. Tukaangaliana, kila mmoja na simu yake sikioni. Kwenye vipaza sauti ilisikika pumzi moja, ndefu. Kisha vikakatika.

Nilipanda ngazi za kibanda. Ndani palikuwa padogo kama kabati: kiti, meza, orodha ya njia imebandikwa ukutani, na shati jeupe limetundikwa kwenye msumari, limepigwa pasi, linasubiri jioni. Yeye alikuwa amevaa koti la buluu la kituo. Nilimtarajia mwanamke, nikawa nimejiandaa kwa mwanamke, na sasa sikujua nimfanyie nini mwanamume aliyekaa kwenye kiti peke yake.

"Tangu lini?"

"Miezi kumi." Akanyoosha kidole kuniomba nisubiri, akabonyeza kitufe. "Abiria wa njia ya kwanza, basi linaondoka baada ya dakika mbili. Tafadhali tukague mizigo yetu." Sauti ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Akazima, akahakikisha mara mbili.

"Na ofisi?"

"Ilifungwa. Nilichora miezi minne tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia siku ileile," alisema. "Ukaanza wewe. Ulikuwa na habari za shemeji."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hadi kikombe cha chai nilichokuwa nimekishika. Wiki ile mume wa mdogo wangu alikuwa ameachishwa kazi kwenye kiwanda cha mikate, nami nilikuwa kwenye chumba cha walimu, simu sikioni, nikasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba mdogo wangu sasa ana watoto wanne, na mmoja wao ana ndevu. Walimu wenzangu walicheka sana. Nilijisikia mtu mwenye maneno. Kisha nikamwuliza mume wangu, na wewe ulikuwa unasemaje? Akanijibu, nilitaka kukusalimia tu, basi.

Nilitafuta pa kukaa, hapakuwa na kiti cha pili. Nikaegemea mlango.

"Mtaa huu wote unapandia basi hapa, unanisikia," aliendelea. "Ungenisikia kabla hujafungua mizigo. Nilitaka nipate kwanza kazi ya kuchora, halafu..." Akabonyeza kitufe, akawaambia abiria wa njia ya tatu wasogee kivulini, akazima. Nilishangaa jinsi anavyoweza. Mimi nikikasirika siwezi hata kuandika tarehe ubaoni.

Nikatafuta pa kumshikia, maana bado nilitaka kumshika. "Binti yako ameliambia darasa zima kwamba baba yake anachora maghorofa. Utamwambia nini?"

Alitazama meza. "Yeye anajua."

"Anajua nini?"

"Kazi yangu. Alinipigia siku moja wewe ukisahihisha, akasikia mabasi. Akaniuliza, nikamwambia." Alitaka kutabasamu, akaacha. "Jumapili huwa namsomea njia kwenye simu. Ananirekebisha. Ananiambia hapa umekwenda mbio, baba, hapa tulia. Ile ya kuwaambia watu wasikimbie aliifikiria yeye."

Kila Jumapili binti yangu huchukua simu yangu kumsalimia baba yake, huenda nayo nyuma ya jiko, hukaa huko hata nusu saa. Nilidhani anatafuta mtandao. Nimewahi kumsifu mbele ya bibi yake kwamba mtoto huyu hana siri.

"Na hakuniambia," nilisema. Sauti yangu ilisikika ndogo, nikaichukia.

"Alisema tukuchagulie siku."

"Siku gani?"

"Siku ambayo hujakasirika." Akafikiri kidogo, mtu mkweli akitafuta hesabu sahihi. "Ni miezi sita sasa."

Nilikuja mtaa huu kumtafuta mtu anayefichwa na mume wangu. Kumbe nyumbani kwangu kulikuwa na watu wawili wanaoongea kwa kunong'ona, wakichungulia uso wangu kila siku kuona kama leo panafaa, na mimi nikapita katikati yao miezi sita nikiamini hakuna kinachonipita. Nilichukua simu nikampigia bibi yao, nikaomba mtoto. Mume wangu alinyoosha mkono kunizuia, kisha akauteremsha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba yako anafanya kazi gani?"

Nilisikia mlango ukifungwa, na hatua zake zikitoka nje, bila shaka kuelekea nyuma ya jiko.

"Kwani uko naye?"

"Niko naye. Niko kazini kwake."

Nilingoja aniombe msamaha, au alie. Nilikuwa tayari kumwambia asilie.

"Mama," alisema kwa tahadhari, kama mtu anayemsogelea mbwa asiyemjua, "umeshamfokea?"

"Bado," nikajibu. Neno lilitoka kabla sijalitazama.

"Basi usimfokee. Akiwa na huzuni sauti yake inaharibika, watu watakosa mabasi."

Nikampa simu baba yake. Aliipokea kwa mikono miwili. Nikamsikia akisema, "Hapana, yuko sawa... Hapana, kweli, hajafanya kitu... Ndiyo, nitamwambia taratibu." Walikuwa wananishughulikia. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, nao wananishughulikia, na ilionekana wazi kwamba ni kazi waliyoizoea.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu. Alipomaliza kuongea nilimwambia nyumba ina vyumba viwili, maji ni matamu, haivuji, na nakwenda kuilipia sasa hivi kabla ya saa kumi. Akatikisa kichwa kukubali. Hakuniuliza lolote, nami sikumgusa hata bega, ingawa nilitaka, kwa sababu sikuwa na uhakika kama angeshtuka.

Nilishuka ngazi. Watu wa foleni walinijua sasa, walikuwa wamemwona mwanamke aliyepanda. Hakuna aliyecheka. Walinipisha haraka, wakatazama viatu vyao. Nilikuwa nimefika karibu na lile benchi vipaza sauti vilipokwaruza.

"Abiria wa njia ya..." Ikakatika. Akakohoa. "Abiria... wa njia ya tano. Upande..." Kilichofuata kilikuwa pumzi tu, na sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia, kisha vikazimwa.

Watu wakaanza kutazamana. Wengine waliokota mizigo, wakaiweka chini tena. Mama mwenye kikapu alisimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akanishika mkono.

"Mwanangu, amesema njia gani?"

Nilikuwa nimesikia vizuri. Nilifungua mdomo nimjibu, na hakuna kilichotoka.